Gin ya Kijapani yenye maua ya sakura: kuichagua, kuinywa na kujitengenezea nyumbani

Ua la sakura, yaani ua la mcheri wa Kijapani, karibu halina harufu. Ukilinusa likiwa mtini utapata kitu hafifu mno, na aina nyingi hazitoi chochote. Harufu ambayo Wajapani huitambua kama ya sakura kwenye vyakula na vinywaji vyao hutoka hasa kwenye majani ya mti huo baada ya kuwekwa chumvi. Chumvi huvunja chembe za jani, vimeng'enya hufanya kazi, na kiini kiitwacho kumarini huachiwa. Kinanukia kama majani makavu yaliyochanganywa na lozi na vanila kidogo.

Jambo hilo ndilo linaloamua jinsi ya kuishughulikia gin yoyote yenye maua haya, iwe umeinunua dukani au umeiloweka mwenyewe. Harufu yake ni nyonge na hufunikwa kwa urahisi na ndimu, toniki (soda chungu yenye kwinini) yenye sukari nyingi, barafu inayoyeyuka upesi au chai iliyokaa mno. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamenunua gin ya bei mbaya isiyo na tofauti na nyingine waliiua wenyewe ndani ya glasi.

Kilichomo ndani ya chupa

Chupa inayojulikana zaidi ni Roku ya kampuni ya Suntory, iliyoingia sokoni mwaka 2017. Roku ni sita kwa Kijapani, ndiyo maana chupa ina pande sita, na kila upande umechorwa kiungo kimoja. Viungo hivyo hufuata majira ya mwaka. Maua na majani ya sakura ni ya machipuko. Chai za kijani aina ya sencha na gyokuro ni za kiangazi, pilipili ya sansho ya vuli, na ganda la yuzu, tunda chachu la jamii ya machungwa, la majira ya baridi. Chini yake kuna viungo vinane vya gin ya kawaida: matunda ya junipa, mbegu za giligilani, mizizi na mbegu za angelika, iliki, mdalasini, ganda la danzi na ganda la limau. Mpishi wa pwani anavijua vitano kati ya hivyo vinane bila kusoma kibandiko. Hata junipa si mgeni kabisa: ni ndugu wa mtarakwa wa milimani kwetu, na kuna gin ya Nairobi, Procera, inayotumia matunda ya mtarakwa wenyewe.

Suntory hawavikeneki viungo vyote, yaani kuvichemsha ndani ya pombe na kukusanya mvuke wake, kwenye chungu kimoja. Sakura hukenekwa katika mtambo wa chuma cha pua ambamo hewa imepunguzwa. Shinikizo likishuka, pombe huchemka kwa joto dogo, kwa hiyo ua haliivi. Yuzu hupitishwa kwenye mtambo wa shaba. Baadaye ndipo vimiminika hivyo huchanganywa kwa vipimo. Kumbuka utaratibu huo, kwa sababu tutauiga jikoni bila kukeneka chochote.

Wakati wa kununua, soma nguvu ya kilevi kabla ya kutazama picha ya maua. Roku ya soko la nje kwa kawaida ni asilimia 43, na ile inayouzwa Japani ni 47. Tofauti hiyo inabadilisha kipimo cha toniki. Pia usidanganywe na jina. Sakurao ni gin nzuri ya Hiroshima, lakini jina lake ni la mahali ilipo, na ladha yake inaongozwa zaidi na michungwa ya eneo hilo. Ki No Bi ya Kyoto, iliyoanza 2016, imejengwa juu ya pombe ya mchele, yuzu, mti wa hinoki na chai ya gyokuro kutoka mji wa Uji. Nikka Coffey Gin ni ya michungwa na sansho. Zote zinastahili pesa yako, ila ukitaka sakura, Roku ndiyo ya kuanzia, na toleo lake la Sakura Bloom limeelemea maua zaidi.

Kuionja kabla ya kuichanganya

Mimina mililita 15 kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, bila barafu. Usitumbukize pua ndani, maana kilevi kitaipiga ganzi. Nusia ukingoni, mdomo ukiwa wazi kidogo. Kisha ongeza mililita 5 za maji ya kawaida usubiri dakika moja. Maji hushusha ukali, na harufu ya sakura ambayo haikuonekana hujitokeza. Ukiinywa, yuzu hutangulia, kati kunakuja chai yenye uchungu mwepesi wa kijani, na mwishoni sansho huacha mtekenyo kwenye ncha ya ulimi. Mtekenyo huo si dalili ya gin mbovu. Sansho ni jamaa wa pilipili ya Sichuan, na kazi yake ni kufanya ulimi ufe ganzi kidogo.

Chupa iweke kwenye friji. Friza haifai kwa gin hii: haitaganda, lakini itakuwa nzito na harufu italala. Kinachotakiwa friza ni glasi.

Gin na toniki

Vipimo ni mililita 45 za gin kwa mililita 120 za toniki. Hapo unapata kinywaji cha takriban asilimia 12, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida, na chupa ya mililita 700 itatoa glasi 15. Kwa gin ya asilimia 47, panda hadi mililita 135 za toniki.

Menya tangawizi mbichi na uikate vipande sita vyembamba kama njiti za kiberiti. Suntory wenyewe ndio wanaopendekeza tangawizi badala ya ndimu, na sababu inaeleweka. Ndimu ina asidi na harufu kali inayofanana na yuzu kiasi cha kuifuta, na ikishaifuta yuzu, sakura haina pa kusimama. Tangawizi inapita njia nyingine: inakutana na sansho mwishoni na kuacha mwanzo wa kinywaji wazi. Tangawizi changa yenye ganda laini ni bora kuliko kuukuu, ambayo huwasha kupita kiasi.

Jaza glasi barafu hadi juu, vipande vikubwa. Koroga barafu peke yake mpaka glasi ipate ubaridi, kisha mwaga maji yaliyojitokeza. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayozuia kinywaji kuwa chepesi ndani ya dakika tano. Tia gin, koroga mara kumi hivi. Toniki iwe imetoka kwenye friji. Imimine polepole pembeni mwa glasi, si juu ya barafu, ili gesi isitoke. Ingiza kijiko hadi chini, inua barafu mara moja, utoe kijiko. Usikoroge tena. Weka tangawizi.

Toniki iwe ya kawaida, isiyotiwa maua wala matunda. Toniki yenye harufu ya waridi au ua jingine ina manukato makali kuliko sakura yote iliyomo kwenye chupa.

Ukitumia maji ya soda badala ya toniki, kipimo ni kimoja cha gin kwa vitatu vya soda, na hatua ni zilezile. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia ya kweli ya kuijua gin hii, kwa sababu hakuna sukari wala kwinini ya kuficha kitu. Hapa unaweza kuweka ua moja la sakura la chumvi: lisuuze, liloweke kwenye maji baridi dakika 10, kisha liachie juu ya kinywaji. Litafunguka taratibu, na chembe ya chumvi iliyobaki huleta utamu mbele.

Ipo pia njia ya maji moto, nzuri kwa usiku wa baridi. Tia kwanza mililita 90 za maji ya nyuzi 70 kwenye kikombe, halafu mililita 30 za gin juu yake. Gin ikitangulia, haichanganyiki vizuri na maji, na mvuke wa kwanza unakuwa wa kilevi kitupu. Maji yanayochemka yatakupa kikohozi badala ya harufu.

Kujitengenezea: vifaa na malighafi

Hatukeneki nyumbani. Kukeneka bila leseni ni kosa Tanzania, Kenya na Japani pia, na wenye kuijua gongo na chang'aa hawahitaji kuelezwa habari ya methanoli. Tunachofanya ni kuloweka viungo ndani ya gin iliyokwisha kutengenezwa kihalali. Japani sheria ya kodi ya pombe inaruhusu mtu kuloweka nyumbani kwa matumizi yake, mradi pombe ya kuanzia iwe na angalau asilimia 20 na isiuzwe. Zabibu na nafaka kama mchele na shayiri haziruhusiwi kulowekwa. Kwingineko, uliza sheria ya mahali ulipo kabla ya kufikiria kumuuzia mtu.

Utahitaji gin kavu ya kawaida ya mililita 750, asilimia 40 hadi 43, isiyo na manukato ya ziada. Pombe ya asilimia 35 kama Konyagi italoweka, lakini hutoa mafuta ya maganda kwa shida, na ina ladha yake yenyewe ambayo utaionja mpaka mwisho.

Viungo ni hivi: gramu 12 za maua ya sakura ya chumvi, majani 2 ya sakura ya chumvi, gramu 4 za ganda la yuzu, gramu 1 ya sencha au gyokuro, na nusu gramu ya maganda ya sansho. Mizani ya jikoni inayopima gramu nzima haitoshi. Tafuta ile ndogo inayosoma sehemu za gramu. Uwe na chupa nne za kioo zenye mifuniko, chujio laini na karatasi za kuchujia kahawa. Plastiki hunyonya harufu, usiitumie.

Maua na majani nunua yale ya kuliwa, kwenye maduka ya vyakula vya Kijapani. Mengi ya maua hutoka Hadano, mkoa wa Kanagawa, na ni ya mcheri wenye petali nyingi uitwao Kanzan. Majani ni ya mcheri wa Oshima, na mji wa Matsuzaki kwenye rasi ya Izu ndio mashuhuri kwa kuyatia chumvi. Usichume majani mabichi ya mcheri wowote wala usitie vijiti au kokwa: sehemu hizo zina viini vinavyozaa sianidi. Na usizidishe majani kwa tamaa ya harufu. Kumarini nyingi huumiza ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka ukomo wa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Yuzu mbichi ni adimu nje ya Asia Mashariki. Badala yake changanya ganda la limau gramu 2.5 na la chenza gramu 1.5. Haitakuwa yuzu, ila itakaa mahali pake. Sansho ikikosekana, tumia pilipili ya Sichuan kwa nusu ya kipimo. Sakura haina mbadala, na usijaribu kuibadilisha na ua lolote la kupendeza unaloliona barabarani. Oliyanda ni sumu, na jakaranda si chakula. Asumini na waridi zinalika, lakini hapo unatengeneza kinywaji kingine, nacho kinahitaji vipimo vingine.

Hatua kwa hatua

1. Toa chumvi. Kung'uta maua, yasuuze, kisha yaloweke kwenye nusu lita ya maji baridi dakika 10. Mwaga, rudia dakika 5. Onja petali moja: iwe na chumvi kidogo, isikunje uso. Majani yaloweke dakika 20. Kausha vyote kwa karatasi ya jikoni, kisha vitandaze saa moja kivulini. Maji yanayobaki hushusha nguvu ya gin na kuifanya iwe na ukungu.

2. Gawa gin. Mililita 350 ni za sakura, 100 za yuzu, 60 za chai, 40 za sansho. Zinazobaki 200 usiziguse.

3. Sakura. Tia maua kwenye mililita 350, funga, weka gizani kwa saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Saa 18 zikitimia ongeza majani mawili, ukiyakata vipande vinne kila moja. Yakae saa 6 tu.

4. Yuzu. Menya ganda la rangi peke yake, bila nyama nyeupe, ambayo ni chungu. Loweka saa 12.

5. Sansho. Ondoa mbegu nyeusi, maana hazina harufu na husagika kama mchanga. Ponda maganda kidogo kinuni, loweka saa 2.

6. Chai. Hii iache mwisho, ukiwa umesimama hapohapo na saa mkononi. Dakika 20 zinatosha, 30 ni ukomo. Kilevi hukamua uchungu wa chai haraka, na chai iliyosahaulika usiku kucha haiokoleki.

7. Chuja kila chupa peke yake, kwanza kwa chujio, kisha kwa karatasi ya kahawa. Usikamue maua. Ukiyakamua unapata chumvi iliyobaki ndani na vumbi la petali.

8. Changanya kwa kipimo kidogo kwanza. Katika glasi weka mililita 30 za sakura, 10 za gin tupu, 6 za yuzu, 3 za chai na 1 ya sansho. Ongeza maji mililita 25, onja. Maji ni lazima, kwa sababu mchanganyiko unaopendeza ukiwa mkali mara nyingi huvunjika ukishapozwa. Ukiridhika, zidisha mara kumi bila yale maji: utapata nusu lita. Usiporidhika, badilisha kiungo kimoja tu kwa kila jaribio, mililita moja moja.

9. Acha itulie kwenye friji siku tatu hadi saba. Siku ya kwanza viungo huonjeka kimoja kimoja, na kufikia siku ya nne huwa vimeshikana.

Njia ya mkato, yaani kutia kila kitu kwenye chupa moja, ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Chai inataka dakika 20 na maua saa 24. Hakuna muda mmoja unaovifaa vyote.

Mambo yanayoharibika, na sababu

Rangi imegeuka kahawia. Rangi ya waridi ya maua haya hutunzwa na asidi, ndiyo maana Wajapani huyatia siki ya ume (plamu ya Kijapani) pamoja na chumvi. Ukiosha kupita kiasi, asidi inaondoka na rangi inaifuata. Matone machache ya maji ya limau kwenye nusu lita huirudisha kiasi. Mwanga pia huimaliza, hivyo tumia chupa ya rangi nyeusi, na ukubali kwamba baada ya miezi miwili au mitatu rangi itafifia hata ufanye nini. Ukahawia wenye kijani ni wa chai.

Ni ya chumvi. Chumvi haichujiki. Punguza kwa kuongeza gin tupu, na hizo mililita 90 hivi zilizobaki baada ya kuchanganya ndiyo kazi yake. Kumbuka kwamba chumvi kidogo sana ni faida.

Imekuwa na ukungu. Ikitokea baada ya kutia toniki, ni mafuta ya maganda yanayokosa kilevi cha kuyashika. Hayana madhara. Ikitokea ndani ya chupa, maua yalikuwa na maji. Ipoze usiku mmoja kwenye friza, kisha ichuje ikiwa bado baridi.

Inanuka dawa, au kama keki ya lozi. Majani yamekaa mno. Kumarini ikizidi hufunika yote. Ongeza yuzu kidogo na gin tupu.

Haina sakura kabisa. Mara nyingi maua ni ya zamani. Yakihifadhiwa gizani na kwenye ubaridi hudumu kama mwaka mmoja. Baada ya hapo hubaki chumvi na rangi. Sababu ya pili ni kwamba majani hayakutiwa, kwa kudhani ua litatosha.

Kwa wanaoishi Japani: kutia maua chumvi

Kanzan huchanua Tokyo na viunga vyake kwenye nusu ya pili ya Aprili, baada ya sakura maarufu za mbugani kupukutika. Pata maua kwa mwenye mti asiyenyunyiza dawa. Kuchuma kwenye bustani za umma hairuhusiwi, na miti hiyo hupigwa dawa. Chuma yakiwa yamefunguka kama asilimia 70, pamoja na vikonyo.

Kwa gramu 100 za maua, osha, futa maji, changanya na gramu 25 za chumvi, funika, weka uzito juu yake kama kilo moja. Siku mbili baadaye kamua kwa upole na utupe maji. Mimina mililita 50 za siki ya ume, uyaache siku tatu hadi wiki. Kamua tena, anika kivulini siku mbili au tatu mpaka yawe na unyevu wa zabibu kavu, kisha yafunike kwa chumvi mpya ndani ya chupa. Maua hayohayo ndiyo hutiwa maji moto na kunywewa kwenye sherehe za uchumba na ndoa Japani.

Maua uliyochuja kwenye gin usiyatupe. Yagaragaze kwenye sukari laini, yatandaze juu ya karatasi, yakauke siku mbili. Yanafaa juu ya keki au ukingoni mwa glasi. Bado yana kilevi ndani, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto.